Nane Nane ni Darasa: Namna ya Kuingia Viwanjani na Kutoka na Kitu cha Kupanda

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8 Agosti, Viwanja vya Maonesho vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mjini Morogoro hupokea wakulima, wafugaji na wavuvi wa mikoa minne ya Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam. Kila halmashauri huwa na banda lake, vipando vyake na wataalamu wake. Taasisi za utafiti, vyuo, mamlaka za udhibiti, mabenki na wauza zana nao huwapo, kila mmoja akimwita mpita njia asogee kidogo asikilize.

Wakazi wa kata zetu huenda kwa wingi. Wengi wao hurudi na sahani, puto za watoto na picha walizopiga kando ya matrekta. Si vibaya, sikukuu ni sikukuu, na nyama choma ya Nane Nane ina wapenzi wake. Hata hivyo, banda la Halmashauri, mbegu za vipando, maji ya kumwagilia na usafiri wa wataalamu hugharimiwa kwa fedha za umma, yakiwamo mapato ya ndani yanayotokana na ushuru na ada ambazo wananchi wenyewe wamezilipa. Mwananchi anayepita langoni anaingia katika darasa ambalo ada yake imekwisha kulipwa. Makala hii inaeleza darasa hilo linavyofundisha, mahali linapoweza kumpotosha mwanafunzi, na maswali ya kuuliza kabla ya kurudi nyumbani.

Sikukuu hii ilivyohama kutoka Julai kwenda Agosti

Wazee wanakumbuka kwamba zamani Siku ya Wakulima iliadhimishwa tarehe 7 Julai, Saba Saba, siku ambayo pia ilikuwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992, sherehe hizo zilitenganishwa. Saba Saba ikabaki kuwa siku ya maonesho ya biashara, na wakulima wakapewa tarehe 8 Agosti, ambayo hadi leo ni siku ya mapumziko nchini kote.

Kwa mkulima wa kanda hii, mabadiliko hayo yalikuwa na manufaa. Mwanzoni mwa Agosti mahindi ya masika yamekwisha kuvunwa au yanakaribia kwisha shambani, mpunga umeshapigwa, na mkono haujaishiwa fedha kabisa. Ni wakati ambao mtu anaweza kutafakari msimu uliopita huku ule ujao ukiwa bado haujaanza kumdai.

Kwa miaka mingi viwanja vya maonesho vilisimamiwa na chama cha wakulima, TASO, kabla ya Serikali kuuchukua usimamizi huo. Mbali na Morogoro, viko viwanja vya Nzuguni mkoani Dodoma, John Mwakangale jijini Mbeya, Themi jijini Arusha, Ngongo mkoani Lindi, Nyamhongolo jijini Mwanza na Nyakabindi mkoani Simiyu. Kilele cha kitaifa huhama kutoka kanda moja kwenda nyingine, na mara nyingi mambo makubwa hutangazwa siku hiyo. Tarehe 8 Agosti 2022, kwa mfano, ni katika kilele kilichofanyika Mbeya ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Mpango huo umemgusa kila mkulima wa kata hizi kwa namna moja ya wazi: asiyeandikishwa katika daftari la wakulima la kijiji au mtaa wake hawezi kununua mbolea kwa bei ya ruzuku, hata kama shamba lake limepakana na duka la wakala. Aliyeongeza ekari, aliyehama kijiji au aliyebadili namba ya simu anapaswa kurudi kwa mtendaji ili taarifa zake zirekebishwe. Kazi hiyo haihitaji kusubiri Agosti.

Kusoma kipando

Moyo wa maonesho ni vipando, yaani mashamba madogo ya mfano yanayooteshwa miezi kadhaa kabla ya sikukuu ili mazao yawe yamestawi wageni watakapofika. Mtu husimama mbele ya mahindi yenye mabua manene na mahindi mawili kwa kila bua, akatikisa kichwa, akasema, "Sisi udongo wetu hauwezi." Kauli hiyo huenda ikawa kweli au isiwe kweli. Kipando hakisomwi kwa macho peke yake.

Jambo la kwanza kukumbuka ni kwamba Agosti ni kiangazi. Kipando cha kijani kibichi katika mwezi huo kimenyweshwa maji, tena kwa ratiba. Mkulima anayetegemea mvua aulize kimemwagiliwa mara ngapi kwa wiki na kwa muda gani, kisha aulize zao hilo hufanyaje linapopata mvua za vuli peke yake. Mtaalamu mkweli atamjibu kwamba mavuno hushuka, na atamweleza kiasi. Asiyetaka kulijibu swali hilo pengine anauza kitu.

Jambo la pili ni nafasi. Mahindi mengi katika vipando hupandwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shina na shina, mbegu moja kwa kila shimo. Au sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo. Mipango yote miwili hutoa idadi ileile ya mimea, karibu 18,000 kwa ekari moja. Katika mashamba mengi ya kata zetu hatua ya mguu ndiyo kipimo, na mashimo huachana hadi mita moja kila upande, mbegu tatu kwa shimo. Hesabu ya mimea kwa ekari hupungua kwa mpango huo, na zaidi ya hapo mimea mitatu inayosongamana katika shimo moja hugombea mbolea na mwanga, na mmoja kati yake huishia kuwa bua tupu. Tofauti ambayo mgeni anaihesabu kuwa ya udongo mara nyingi ni ya kamba na vijiti. Mwenye simu na apige picha ya futi ikiwa imelazwa kati ya mashina mawili. Picha hiyo itamfaa Novemba kuliko picha ya trekta.

Kwa wakulima wa mpunga wa mabonde, hasa wanaotumia skimu za umwagiliaji, kipando cha kutazamwa kwa utulivu ni cha kilimo shadidi. Miche huhamishwa ikiwa michanga sana, ya siku 8 hadi 12, mmojammoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba halifurikishwi maji wakati wote, bali hunyweshwa na kuachwa likauke kidogo kwa zamu. Wakulima wa Mkindo wilayani Mvomero walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuujaribu utaratibu huu hapa mkoani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mtu akiuona siku ya kwanza huona shamba lililopwaya: mche mmoja hapa, mwingine kule. Machipukizi ndiyo yanayojaza shamba. Ugumu wake ni palizi, kwa sababu penye maji machache magugu hushangilia, na skimu ambayo zamu za maji hazieleweki haiwezi kuutekeleza hata wanachama wakiupenda vipi. Swali la kumwuliza mwenye kipando, basi, ni watu wangapi walipalilia, mara ngapi, na kwa chombo gani.

Jambo la tatu ni hesabu ya mavuno. Wahudumu wa mabanda hupenda kutaja magunia kwa ekari, na magunia hayo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Mkulima anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Kipando cha mita 10 kwa 10 kina mita za mraba 100, na ekari moja ina vipande vya namna hiyo takribani 40. Kikitoa kilo 60 za mahindi makavu, ekari itatoa karibu kilo 2,400, yaani magunia 24 ya kilo 100. Hesabu hiyo hata hivyo ina udanganyifu mdogo usiokusudiwa: mimea ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi kuliko ya katikati, na kipando kidogo kina pembeni nyingi. Aliye makini huondoa sehemu ya tano au ya nne ya namba aliyotajiwa kabla ya kuanza kuota ndoto.

Yako pia mambo ambayo kipando hakiyaoneshi kabisa. Viwavijeshi vamizi, ambao waliingia nchini mwaka 2017, havionekani katika mahindi ya maonesho kwa sababu yamepuliziwa dawa kwa wakati. Mara ngapi? Dawa gani, na ya bei gani? Ikiwa mavuno ya ziada yanamezwa na gharama ya kupulizia, mkulima mdogo hajafaidika, ameuchosha mgongo tu. Mbolea nayo ina maswali yake: mifuko mingapi kwa ekari, ya kupandia na ya kukuzia, na iliwekwa lini.

Mbegu, na karatasi iliyobandikwa juu yake

Kanda hii ina bahati ambayo wakazi wake hawaitumii ipasavyo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ina vituo vyake karibu: Ilonga wilayani Kilosa, Dakawa wilayani Mvomero, Ifakara, Kibaha, Mikocheni na Mlingano. Mpunga wa TXD 306, ambao wengi wanaujua kwa jina la SARO 5, umebeba jina la Dakawa ndani ya herufi zake. Makao makuu ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, yako Morogoro, na ya Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, vilevile. Katika siku nane za Agosti wataalamu wa taasisi hizi husimama nyuma ya meza wakisubiri kuulizwa. Katika siku nyingine za mwaka mkulima angehitaji barua na nauli kuwaona.

Swali la kuanzia ni kama mbegu ni chotara au siyo. Mbegu chotara hutoa mavuno makubwa zaidi ikitunzwa, lakini punje zake zikirudishwa shambani msimu unaofuata nguvu hupungua sana na mimea hutoka mirefu kwa mifupi. Mbegu zisizo chotara, kama Staha na TMV-1 katika mahindi, mkulima anaweza kuchagua punje nzuri kutoka katika mavuno yake na kuzipanda kwa misimu michache kabla ya kununua nyingine. Aliye na fedha ya mbolea na uhakika wa mvua anaweza kuchagua chotara. Asiye navyo anaweza kupata faida zaidi kwa mbegu ya pili. Ushauri wa jumla kwa wakulima wote wa kata hautakuwa wa kweli, kwani hata bonde na mlima wa kijiji kimoja havifanani.

Kila mfuko halali una lebo ya TOSCI, na wahudumu wa banda lao huonesha namna ya kuihakiki kwa simu ya kawaida. Ni dakika tano za kujifunza. Mbegu bandia haitambulikani dukani kwa macho. Inatambulikana wiki mbili baada ya mvua ya kwanza, na wakati huo mvua haimngoji mtu. Vivyo hivyo kwa viuatilifu, ambavyo vinasimamiwa na TPHPA, na mbolea, inayosimamiwa na TFRA. Taasisi zote mbili huwa na mabanda.

Ghala ni sehemu ya shamba

Mabanda ya hifadhi ya mazao huwa hayana watu wengi, labda kwa sababu hakuna kitu cha kijani cha kupigia picha. Lakini mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, haionekani kwa macho, haina harufu ya kuaminika na haiondoki kwa kupikwa. Ukungu wake hupenda nafaka iliyoanikwa chini kwenye udongo, iliyopukuchuliwa kwa kupigwa hadi punje zikapasuka, au iliyofungiwa ghalani kabla haijakauka. Katika kata zenye ukungu wa asubuhi na mavuno yanayogongana na manyunyu, hatari hiyo ipo.

Mahindi huwa salama kuhifadhiwa unyevu wake ukishuka hadi asilimia 13.5 au chini. Wataalamu wana kipimo cha kielektroniki, na mkulima akipeleka kopo la mahindi yake kwenye banda anaweza kuomba yapimwe. Nyumbani ipo njia ya chumvi. Chumvi iliyokaushwa vizuri juani, vijiko viwili au vitatu, hutiwa katika chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi ya kujaza theluthi ya chupa. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yanapaswa kurudishwa juani, juu ya turubai. Ikidondoka chini yote, yanaweza kuingia mfukoni.

Mifuko isiyopitisha hewa nayo huuzwa pale. Hufanya kazi kwa kuwanyima dumuzi na fukusi hewa, bila dawa yoyote, ilimradi mfuko wa ndani ufungwe barabara na usitobolewe na panya. Mfuko huo hauponyi mahindi mabichi. Ukifungia unyevu ndani yake, umefungia na ukungu.

Katika mabanda hayohayo Wakala wa Vipimo huweka mizani na kueleza sheria ya ufungashaji, ambayo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lumbesa ni suala ambalo kila mtu katika kata analilalamikia na kila mtu analifunga, kwa hofu kwamba mnunuzi atakwenda kwa jirani. Kijiji kinachokubaliana kwenye mkutano kuuza kwa kilo, chenye mzani mmoja unaojulikana mahali ulipo, humpunguzia mkulima mmoja mmoja hofu hiyo.

Mifugo na vikundi

Ng'ombe wa maziwa wa maonesho huoshwa na kusuguliwa mpaka wang'ae. Uzuri wa ngozi usimzuie mfugaji kuuliza amezaa mara ngapi, anatoa lita ngapi sasa na si siku ya kilele cha maziwa yake, na anakula nini kiangazi. Wanaotaka kuboresha ng'ombe wao kwa uhimilishaji wajifunze hasa dalili za joto, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ng'ombe hurudi joto kila siku 21 hivi. Anayesimama akubali kupandwa na wenzake asubuhi huhimilishwa jioni ya siku hiyo. Anayeonekana jioni huhimilishwa asubuhi inayofuata. Afisa mifugo aliyeitwa siku ya pili amechelewa, na lawama si ya mbegu.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, kwa mgawo wa nne, nne na mbili, huletwa bandani kuonesha bidhaa zao. Hapa ipo kasoro inayojirudia, nayo isemwe wazi: kikundi hupewa meza, hupanga chupa za asali au pakiti za unga wa lishe, huuza chache kwa wapita njia, hurudi nyumbani. Mauzo ya siku nane hayamalizi mkopo. Kilicho cha thamani zaidi pale ni majirani. SIDO wako hatua chache, TBS wako hatua chache, na wenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na Morogoro hupita. Kikundi kiende na bidhaa yenye uzito ulioandikwa, bei ya jumla inayojulikana na wanachama wote, namba ya simu inayopokelewa, na daftari la kuandika kila aliyeuliza. Nembo ya ubora haipatikani ndani ya siku nane, lakini orodha ya mambo yanayotakiwa ili kuipata inapatikana ndani ya nusu saa.

Kabla ya kwenda, na baada ya kurudi

Kwa anayetaka kujifunza, siku ya kilele ndiyo siku mbaya kuliko zote. Wataalamu wanapanga foleni kuwapokea viongozi, vumbi limetanda, na sauti za muziki humfanya mtu aulize swali mara tatu. Tarehe 3 hadi 6 hutosha, asubuhi. Wakazi wa mkoa wa Pwani wanaoishi karibu na vituo vya reli ya kisasa wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa kuwa treni za Dar es Salaam na Morogoro zimekuwa zikitoa huduma tangu Juni 2024. Ni afadhali kijiji kichague watu watano wenye maswali kuliko basi zima lisilo na swali, na katika watano hao wawemo wanawake, ambao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya palizi na uhifadhi lakini huachwa nyumbani walinde kuku. Anayetaka mazao au mifugo yake ioneshwe kwenye banda la Halmashauri amwone afisa ugani wa kata mapema, kabla vipando havijaanza kuandaliwa; Julai ni kuchelewa.

Sheria inaitaka mikutano mikuu ya vijiji ifanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Mkutano wa kwanza baada ya Agosti ndio mahali pa waliokwenda kueleza walichokiona, na pa wananchi kumwuliza diwani au mtendaji ni kipi kati ya vilivyooneshwa kitaletwa katani kama shamba darasa, wapi, na kwa fedha ya fungu gani. Maswali hayo si ya uchokozi. Bajeti ya maonesho hupita katika Baraza la Madiwani kama bajeti nyingine.

Na kwa mkulima mmoja mmoja aliyerudi na mfuko wa mbegu mpya, shamba lote lisiingizwe katika jaribio. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Robo yake ni hatua 35 kwa 35. Robo hiyo ipandwe mbegu mpya kwa nafasi iliyopimwa, na robo ya jirani, kwenye udongo uleule, ipandwe mbegu ya kawaida kwa nafasi ileile na mbolea ileile. Mavuno ya robo zote mbili yapimwe kwa mzani yakiwa makavu, gharama za kila robo ziandikwe, na mfuko mtupu wa mbegu uhifadhiwe pamoja na risiti na lebo yake. Mbegu isipoota, vitu hivyo vitatu ndivyo afisa ugani atakavyoviomba kwanza.